Shale ni nyumba ya nani? Chimbuko la nyumba za mbao za milima ya Alps

Ukipitia matangazo ya nyumba za kupumzikia Naivasha, Nanyuki, Lushoto au kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hutakosa picha ya kijumba cha mbao chenye paa lililoshuka mpaka karibu na ardhi, na chini yake maneno "shale ya mtindo wa Uswisi". Hoteli nyingine huita shale kila chumba kilichojengwa peke yake bustanini, hata kama kuta ni za tofali na paa ni la makuti. Mafundi nao huonyeshwa picha kwenye simu na mteja anayetaka "ile ya Uswisi", wakabaki wanaulizana ya Uswisi ndiyo ipi. Hapo mabishano huanza. Mmoja atasema shale ni jumba la matajiri wanaokwenda kuteleza kwenye theluji. Mwingine atasema ndiyo nyumba ya asili ya kila Mswisi tangu enzi na enzi. Wa tatu atasema mbao hazidumu, hayo ni mapambo tu.

Hakuna kati yao aliyelipata jibu, na si ajabu, kwa sababu hadithi ya nyumba hii imekorogwa kwa zaidi ya miaka 200, tena na watu waliokuwa na kitu cha kuuza. Naipenda nyumba hii, ndiyo maana inaniuma tunaponunua umbo lake tukaziacha sababu zake. Kila pembe ya shale ya kweli ilikuwa jibu la shida fulani ya kazi. Ukiijua shida, unaielewa nyumba.

Kwanza, tunazungumzia nini

Alps ni safu ya milima inayoanzia kusini mashariki mwa Ufaransa, ikapita Uswisi, kaskazini mwa Italia na Austria, hadi Slovenia. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Mont Blanc, kina mita zipatazo 4,800, kwa hiyo Kibo inakizidi kwa zaidi ya mita 1,000. Tofauti ni kwamba Alps ziko mbali na ikweta. Theluji ya huko haikai kileleni tu. Majira ya baridi hushuka mpaka mabondeni wanakoishi watu, ikakaa miezi.

Katika milima hiyo kuna majengo ya mbao ya aina tatu ambayo huchanganywa kila siku. Kuna kibanda cha machungani, juu kabisa, kinachotumika majira ya joto peke yake. Kuna nyumba ya familia kijijini, inayokaliwa mwaka mzima. Na kuna ghala. Jina shale, ambalo limo katika hati za eneo la Vaud, magharibi mwa Uswisi, tangu karne ya 14, lilikuwa la kile kibanda cha machungani tu. Wageni ndio walioliteremsha hadi vijijini likayafunika majengo yote matatu, na baadaye hoteli za dunia nzima zikalichukua.

Ng'ombe wakipanda, ng'ombe wakishuka

Mkulima wa Alps ana tatizo la ardhi. Sehemu tambarare ya bondeni ni ndogo, naye anaihitaji kwa ajili ya majani ya kukausha, yale atakayowalisha ng'ombe miezi yote ya baridi wakiwa zizini. Mifugo ikiyala majani hayo yakiwa mabichi, baridi itaikuta haina kitu. Hivyo theluji ikiyeyuka, mwezi wa Mei au Juni, ng'ombe huswagwa kupanda. Hukaa kwanza kwenye malisho ya katikati, kisha kadiri joto linavyoongezeka nao hupanda, hadi kule ambako miti imekoma kuota, mita 1,800 au 2,000 na zaidi. Mwezi wa Septemba hugeuza wakashuka, wamevishwa maua kichwani na kengele kubwa shingoni. Desemba 2023 UNESCO iliuingiza msimu huu wa malisho wa Uswisi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa, ng'ombe makumi kadhaa wakikamuliwa asubuhi na jioni mahali palipo mwendo wa saa nyingi kutoka kijijini, maziwa yote hayo yataenda wapi? Yatachachuka njiani. Njia pekee ni kuyageuza kuwa jibini hukohuko juu, kwa kuwa jibini gumu halina haraka. Hukaa miezi mingi, hubebeka mgongoni, huuzwa mbali.

Shale ni mahali pa kazi hiyo. Katika milima ya Vaud bado hutengenezwa jibini liitwalo L'Étivaz kwa masharti ya zamani: kati ya 10 Mei na 10 Oktoba tu, ndani ya shale za machungani, kwa sufuria la shaba juu ya moto wa kuni. Ndani ya kibanda kama hicho jambo la kwanza unaloona ni moto. Kando yake imesimama nguzo ya mbao inayozunguka, yenye mkono mrefu, na kwenye mkono huo limening'inia sufuria la kuingia mamia ya lita. Maziwa yakifikia joto linalotakiwa, mtengeneza jibini hahangaiki kuzima moto wala kuchomoa kuni. Huuvuta ule mkono, sufuria zima likaondoka motoni. Ng'ombe wako upande wa pili wa ukuta, watu hulala darini. Roshani yenye maua hakuna, nakshi hakuna.

Nyumba ya kijijini

Chini kabisa ni mawe. Sehemu hiyo hubeba nyumba juu ya unyevu wa ardhi, na ndani yake ni stoo ya jibini, viazi na divai, au mahali pa mbuzi na kondoo. Juu ya mawe hukaa chumba cha kuishi, nacho ni cha mbao tupu. Jiko liko nyuma, mara nyingi nalo la mawe kwa hofu ya moto. Kati ya jiko na chumba limejengwa tanuri, na huko Valais, jimbo la kusini magharibi mwa Uswisi, ni la jiwe laini la mlimani linalochongeka kwa patasi na kutunza joto kwa muda mrefu. Kuni hutiwa kutokea jikoni, joto hutokea chumbani, moshi na majivu hubaki nyuma. Dari ni fupi, mtu mrefu huinama, maana chumba kifupi hupata joto upesi kwa kuni kidogo.

Huko Valais mali ya urithi hugawanywa kwa watoto wote, kwa hiyo nyumba moja iliweza kuwa na wenyewe watatu au wanne, kila familia na ghorofa yake, hata kila ndugu na chumba chake. Picha ya shale kama makazi ya familia moja iliyojitenga mlimani inatoka mahali pengine kabisa.

Kwa nini mbao? Kwa sababu mti ulikuwepo. Miteremko ya kaskazini ya Alps ina misitu ya sprusi, mti wa jamaa ya paini, mrefu na mnyoofu, na juu zaidi kuna lariksi, wenye utomvu mwingi na mgumu kuoza. Chokaa ya kujengea mawe ilihitaji tanuri, kuni na usafirishaji. Tena ubao mnene hushinda jiwe kwa mbali katika kuzuia baridi.

Ukuta unaoshuka

Ujenzi wenyewe unasimulika kirahisi. Magogo huchongwa kwa shoka yakawa boriti bapa, yakalazwa moja juu ya jingine. Kwenye pembe ya nyumba kila boriti hukatwa pengo juu na chini, ya ukuta huu ikaingia kwenye ya ukuta ule, kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana. Uzito wa nyumba yenyewe ndio unaozibana boriti, msumari hautumiki.

Ugumu uko kwenye tabia ya mti. Gogo likikauka, urefu wake haupungui kwa kiasi cha kuonekana, lakini unene na upana husinyaa sana. Kwa hiyo ukuta wa boriti zilizolazwa hushuka taratibu, sentimita kadhaa kwa kila ghorofa. Miimo ya mlango imesimama wima, yenyewe haishuki. Fundi asiyelijua hilo atashangaa mwaka wa pili kuona ukuta umening'inia juu ya mwimo, nyufa zimefunguka kati ya boriti na mlango umekwama. Mafundi wa Alps huacha nafasi tupu juu ya kila mwimo, wakaifunika kwa ubao wa urembo, na ukuta ukashuka kwa raha zake.

Kuna kifaa kingine ambacho mimi huwa nakifikiria kila nikiona sakafu ya mbao iliyoachana. Sakafu na dari za nyumba hizi ni mbao nene zilizopachikwa ubavu kwa ubavu, nazo zikikauka huacha nafasi ya kupitisha baridi. Basi katikati ya safu fundi huweka ubao mmoja uliochongwa kwa umbo la kabari, mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili, na ule upande mpana huuacha utokeze nje kupitia ukuta wa mbele. Mbao zikilegea, mwenye nyumba hutoka nje na nyundo akagonga. Kabari huzama ndani, safu nzima ikakaza upya. Itafanyika hivyo tena miaka ikipita, hadi mti umalize kusinyaa. Nyumba nyingi za zamani bado zina kipande hicho cha ubao kimetokeza ukutani, na asiyejua hudhani ni pambo.

Nyumba isiyo na misumari hufunguka. Boriti zilitiwa alama kwa patasi, zikashushwa, zikahamishwa na kupangwa upya kwingine. Sheria za kale za nchi za Kijerumani zilikuwa na msemo kwamba kinacholiwa na mwenge ni mali ya kuhamishika, yaani nyumba ya mbao ilihesabiwa pamoja na ng'ombe na vyombo, siyo pamoja na shamba. Uwezo huo wa kufunguka ndio uliowezesha makumbusho ya Ballenberg, karibu na mji mdogo wa Brienz, yaliyofunguliwa mwaka 1978: zaidi ya majengo 100 ya vijijini kutoka kila upande wa Uswisi yamehamishiwa hapo na kusimamishwa tena.

Ghala lina akili yake. Huko Valais hukaa juu ya miguu mifupi ya mbao, na juu ya kila mguu limewekwa jiwe pana, bapa, la mviringo. Panya hupanda mguu bila shida, akifika chini ya lile jiwe hana pa kushika. Ghala hujengwa mbali kidogo na nyumba, ili nyumba ikiungua, nafaka, nguo za heshima na hati za familia zibaki.

Paa na theluji

Upotofu mkubwa kuliko wote uko hapa. Karibu kila mtu atakuambia shale ina paa la mteremko mkali ili theluji iteleze. Katika sehemu kubwa ya Alps ni kinyume chake. Paa la shale la kale limelala, mteremko wake ni nyuzi 20 hivi.

Sababu ya kwanza ni msumari. Kabla ya viwanda, kila msumari ulifuliwa na mhunzi na ulikuwa ghali. Paa lilifunikwa kwa vigae virefu vya mbao iliyopasuliwa, vikashikiliwa na fito na mawe mazito juu yake. Inua mteremko, na mawe yote yatakuja chini. Sababu ya pili ni theluji yenyewe. Ndani yake imenaswa hewa nyingi, na hewa iliyotulia huzuia baridi. Theluji nene juu ya paa ni joto la bure kwa waliolala chini yake, kwa hiyo fundi aliweka boriti za kutosha kuibeba, akaiacha ikae. Upenu mpana uliotokeza pande zote ulizilinda kuta zisilowe ilipoanza kuyeyuka.

Mapaa makali yapo Uswisi, lakini kwa asili ni ya nyumba za nyanda za chini, zilizokuwa zikiezekwa kwa mabua ya ngano na nafaka nyingine. Mabua yanataka maji yaondoke upesi, la sivyo yanaoza. Yeyote aliyejenga banda la makuti Pwani anaijua kanuni hiyo. Misumari ya kiwandani ilipopatikana kwa bei nafuu karne ya 19, vigae vidogo vya kupigiliwa vikaenea, na mapaa ya milimani yakaanza kuinuka.

Na ile nyumba ya paa la herufi A iliyojaa kwenye simu zetu? Hiyo haikutoka kwa wachungaji wa Alps. Mfano wake maarufu wa mapema ulijengwa mwaka 1934 Lake Arrowhead, California, na R. M. Schindler, msanifu aliyezaliwa Austria akahamia Marekani, kisha ikaenea huko miaka ya 1950 na 1960 kama nyumba nafuu ya mapumziko. Vibanda vya Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu, vyenye mapaa ya pembe kali, vilijengwa kwa msaada wa Norway miaka ya 1970. Vilirithi mahali pa vibanda vya Wajerumani vilivyoitwa Bismarck na Peters, na majina ya sasa ni ya mamangi wa Kichagga. Ni vibanda vizuri kwa mvua ya Kilimanjaro. Kuviita vya Uswisi ni kumnyima Mnorwe chake.

Si Waswisi wote, wala si Waswisi peke yao

Jimbo la Ticino, kusini mwa Uswisi, lina vijiji vya mawe matupu, mpaka vigae vya paa ni mawe. Bonde la Engadin, mashariki mwa nchi, lina nyumba za kuta nene zilizopakwa chokaa na kuchorwa nakshi kwa kukwangua. Vijiji vya chini vya bonde hilo viliteketezwa na majeshi ya Austria miaka ya 1620, vikajengwa upya kwa mawe. Hata hivyo ukifungua mlango wa nyumba ya Engadin, mara nyingi chumba cha kuishi kimevikwa mbao ndani pande zote.

Kwa upande mwingine, ukuta wa magogo yaliyopishana pembeni upo Norway, Urusi na milima ya Carpathia, na Japani lipo ghala la hazina la Nara la karne ya 8 lililojengwa kwa wazo hilohilo. Penye misitu ya miti minyoofu na baridi kali, watu walilifikia wazo hili. Katika Alps kwenyewe, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta masalia ya kuta za namna hiyo za Enzi ya Shaba. Mtu wa kumwita mvumbuzi hayupo.

Waliolisambaza ndani ya Alps tunawajua kwa kiasi. Kati ya karne ya 12 na 14 watu wa Valais ya juu, wasemao Kijerumani, walianza kuvuka njia za milimani kutafuta ardhi, wakajulikana kama Wawalser. Walifika Davos, wakafika Gressoney na Alagna upande wa Italia, na Vorarlberg huko Austria, na popote walipokwenda waliacha nyumba zao za mbao. Katika baadhi ya nyumba hizo kuna kidirisha kidogo chenye kifuniko, ambacho masimulizi yanasema kilifunguliwa mtu alipokata roho, ili roho ipate njia ya kutoka, kisha kikafungwa.

Mbao hudumu kiasi gani?

Mjini Schwyz, katika jimbo la jina hilohilo katikati ya Uswisi, ipo nyumba iitwayo Bethlehem. Ni ya magogo, ghorofa mbili za mbao juu ya msingi wa mawe, nayo ilijengwa mwaka 1287, yaani miaka minne kabla ya 1291, mwaka ambao Waswisi huuhesabu kuwa wa kuzaliwa kwa muungano wao. Wanajuaje mwaka wenyewe? Kwa pete za mti. Kila mwaka mti huongeza pete moja, nene mwaka wa neema na nyembamba mwaka mbaya, na mfuatano huo hulingana kwa miti yote ya eneo moja. Wataalamu huulinganisha na mfuatano uliokwisha kupangwa kurudi nyuma karne kwa karne, wakajua gogo liliangushwa lini.

Nyumba hiyo ilisalimika mwaka 1642 moto ulipoteketeza sehemu kubwa ya Schwyz. Hofu ya moto ilikuwa ya kweli. Katika Alps huvuma upepo mkavu wa joto uitwao föhn, na vijiji vingi viliweka walinzi wa kuzunguka usiku unapovuma, wakakataza hata kuvuta tumbaku nje. Mji mdogo wa Meiringen uliungua mwaka 1879 na tena 1891. Lakini boriti nene haiungui kama kuni za jikoni. Sehemu ya nje hugeuka mkaa, na ule mkaa huipunguzia kasi ya moto sehemu ya ndani; mti laini huliwa kwa takribani milimita 0.7 kwa dakika. Kilichoviangamiza vijiji ni upepo, nyumba kubanana na majani makavu yaliyojaa darini.

Kuhusu kuoza, siri ni ukavu. Msingi mrefu wa mawe, upenu mpana, na mti usiopakwa kitu cha kuuzuia kupumua. Jua huukausha ubavu wa kusini ukawa wa rangi ya kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi. Upande wa kaskazini hugeuka kijivu. Mti wenyewe ndani ni mzima. Inasikitisha kwamba nyumba nyingine za umri wa Bethlehem katika jimbo hilohilo zimebomolewa miaka ya karibuni kupisha majengo mapya. Zilistahimili karne saba za theluji.

Jinsi ilivyogeuzwa kuwa "ya Uswisi"

Kabla ya karne ya 18, watu wa mijini waliiogopa milima. Kisha washairi na wanafalsafa wakaanza kumsifu mchungaji wa Alps kuwa mtu huru na safi wa moyo. Riwaya ya Jean-Jacques Rousseau ya mwaka 1761, iliyosomwa Ulaya nzima, ndiyo iliyolifanya jina shale lijulikane nje ya milima. Matajiri wakataka kuiona, kisha wakataka kuwa nayo kwao. Malkia Victoria aliwajengea wanawe nyumba ya mtindo huo kwenye kisiwa cha Wight miaka ya 1850. Charles Dickens alizawadiwa shale nzima na rafiki yake, mwigizaji Charles Fechter, ikamfikia katika masanduku 58. Aliisimamisha kwenye bustani yake Kent, akawa anaandikia humo hadi siku ya kuamkia kifo chake, Juni 1870. Wanaoishi London wanakijua kituo cha treni cha Swiss Cottage: jina hilo limetokana na baa iliyojengwa kwa sura hiyo mwanzoni mwa karne ya 19.

Reli na misumeno ya mvuke vikakamilisha kazi. Viwanda vya Uswisi vikaanza kuuza shale kwa katalogi, zimekatwa tayari, zikiwa na nakshi za msumeno wa mashine kila ukingo. Nakshi za kweli zilikuwepo kabla. Katika bonde la Simmental, wakulima waliotajirika kwa kuuza jibini karne za 17 na 18 waliwaajiri mafundi wakachonga na kupaka rangi kuta za mbele, pamoja na zaburi, mwaka, na jina la fundi; nyumba ya Knutti huko Därstetten, ya mwaka 1756, ni mfano mashuhuri. Lakini hizo zilikuwa fahari za bonde moja lenye pesa. Kiwanda kilizichukua kikazifanya sare ya nchi nzima.

Mwaka 1896 maonyesho ya taifa yalifanyika Geneva. Pakajengwa "kijiji cha Uswisi" chenye nyumba za mbao za majimbo mbalimbali, mlima wa bandia na maporomoko ya maji, nao Waswisi wenyewe wakaenda kujitazama na kujivunia. Maonyesho hayohayo yalikuwa na kitu kilichoitwa "kijiji cha weusi", ambako Waafrika zaidi ya 200 waliwekwa miezi kadhaa watazamwe na waliolipa kiingilio. Vijiji viwili, vyote vya kubuni. Mmoja aliambiwa hii ndiyo asili yako uisherehekee, mwingine akapachikwa asili asiyoichagua. Kila nikisoma tangazo la "shale halisi ya Uswisi" hilo hunijia, kwa sababu hapo ndipo picha hii ilipopigwa mhuri.

Leo, kule na huku

Katika manispaa ya Saanen, ulipo mji wa Gstaad, kanuni za ujenzi zinataka jengo jipya lifuate sura ya shale. Matokeo yake ni majumba ya zege yaliyovikwa mbao, na ghorofa kadhaa zimefichwa chini ya ardhi. Vijiji vingine vilijaa nyumba zinazofungwa madirisha karibu mwaka mzima. Tarehe 11 Machi 2012 wananchi wa Uswisi walipiga kura, na kwa asilimia 50.6 wakakubali kwamba manispaa ambayo nyumba za mapumziko zimezidi asilimia 20 isiruhusu nyingine mpya. Makazi yaliyokuwepo kabla ya siku hiyo yaliachwa huru, yanaweza kutumika kama makazi ya kudumu au ya mapumziko, kwa hiyo bei zake zikapanda, na kijana aliyezaliwa kijijini anashindana na mnunuzi wa Zurich au London kuipata nyumba ya jirani wa babu yake.

Huku kwetu swali ni la fundi na mteja wake. Alps hazina mchwa. Msingi wa mawe kule ulipambana na unyevu. Hapa msingi huo una kazi mbili, unyevu na mchwa, na mbao laini za paini zinazoletwa vifurushi vifurushi zikigusa udongo hazimalizi miaka mingi bila dawa. Jua letu ni kali kuliko lao na mvua zetu hupiga kwa ubavu, kwa hiyo upenu unaopunguzwa ili picha ipendeze ndio hasa unaotakiwa uongezwe. Muuzaji akikuletea nyumba ya magogo, muulize ukuta una unene gani, mbao zilikaushwa muda gani, na juu ya miimo ya milango ameacha nafasi ya sentimita ngapi. Akijibu hilo la mwisho bila kusita, amewahi kujenga nyumba hii.